Mwoga wa Chumba cha Panya

Jumatatu, 3 Machi

Naogopa panya. Sijamwambia mtu yeyote. Si Bibi, si Shangazi, wala rafiki yangu wa shuleni ambaye anajua hadi saizi ya viatu vyangu. Nikimwona panya, natoka chumbani nikijifanya nimeitwa. Leo nimeanza kazi ya kulea panya.

Kosa ni la Shangazi. Yeye ni karani wa mapokezi kwenye taasisi ya utafiti. Aliposikia wanatafuta msichana aliyemaliza shule, akaapa mbele ya watu kwamba mpwa wake anapenda wanyama, hata sisimizi hamkanyagi. (Huwa natembea nikitazama chini kwa aibu. Ni tofauti.) Ningekataa. Lakini nikikataa, Mjomba ananisubiri kwenye kibanda chake cha viatu, nishike kipaza sauti niite wateja. Mimi! Mtu ambaye nikiitwa jina darasani nilikuwa naitikia kwa kupepesa macho! Nimepima. Panya hawataki maongezi. Nimechagua panya.

Chumba chenyewe: rafu hadi darini, vizimba vya plastiki, maranda ya mbao, na kila mahali chakacha-chakacha-chakacha. Msimamizi wetu ni mama mmoja mnene, mchangamfu, ambaye wote wanamwita Mama Vizimba. Mkuu wa utafiti ni Profesa, mpole, mwenye upara unaong'aa kuliko sakafu.

Profesa alitueleza kazi. Baba panya hupigwa mionzi mara moja, kwenye chumba kingine chenye mlango mzito ambao sisi hatuusogelei. Kisha huozeshwa. Wake zake wote ni wa ukoo maalumu, wana manyoya yaliyopauka na mabaka. Watoto wanatakiwa kuwa kahawia kama baba, kwa sababu rangi ya baba hufunika ya mama. Akitokea hata mmoja mwenye baka, maana yake mionzi imeharibu jeni ya baba, kifuniko kimevunjika. Ndivyo wanavyojua mionzi inagusa kiasi gani urithi wa kiumbe, na sisi watu tujilinde vipi. Profesa anamsubiri mtoto mwenye baka kwa muda mrefu sana. Ameweka chupa ya soda kabatini ofisini kwake, ya siku hiyo.

Nilisahau kuogopa kwa dakika nzima. Ni kitu kizuri! Rangi ya mgongo wa mtoto inasema siri ya baba yake!

Kisha kikaja kivuli. Nimeanza pamoja na msichana mwingine, aliyekuwa wa kwanza kwa biolojia shuleni kwao. Amelisema mara mbili kabla ya chai. Nitamwita Bingwa. Nafasi ni moja. Ijumaa Profesa anachagua. Atakayekosa, kwaheri. Yaani kwangu mimi, kipaza sauti.

Nyumbani Bibi alizima taa ya sebule aone kama nang'aa. Nikamwambia hatupigwi mionzi sisi. Akasema nisimame karibu na pazia, penye giza zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza! Nimebeba glavu nene za Bibi za kushikia sufuria, nikavaa juu ya glavu za kazi. Kazi yenyewe ni kuwahamisha panya kutoka kizimba kichafu kwenda kisafi. Nilifikiri: kitambaa kikiwa kinene, hutasikia mguso wa panya.

Kweli sikusikia. Sikusikia hata alipotoka mkononi. Nilimsikia alipofika kwapani.

Niliruka. Nilizunguka. Nilipiga miguu chini, mkono mmoja juu. Mama Vizimba alimchopoa panya kwenye mkono wa koti, akasema tangu aanze kazi hajaona mtoto mwenye furaha namna ile siku yake ya pili. Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu.

Bingwa yeye anawashika mkia na kuwainua, tap, tap, tap, kama anachuma pilipili. Panya wanapiga kelele, wanamkojolea, hajali. Alipoziona glavu akauliza kwa sauti ya kusikika hadi rafu ya mwisho, "Shoga, unalea panya au unaepua sufuria?" Tangu hapo ananiita Mpishi.

Nimemchukia. Kidogo. Kucha zake ni safi mno.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Nimepata! Nilipata chooni!

Tishu iliisha, nikabaki nimeshika lile bomba la karatasi la katikati. Nikalitazama. Nikafikiri: panya huyu maisha yake yote anatafuta tundu. Kwa nini nimkamate? Nimpe tundu!

Nikaliweka kizimbani. Nikasubiri nikiwa nimefumba jicho moja. Panya akanusa, akaingia mwenyewe. Nikaziba huku, nikaziba kule, nikambeba kama barua, nikammimina kwenye kizimba kisafi. Sikumgusa hata unywele!

Mama Vizimba akaona, akaguna, akasema chochote kinachoingia kwa panya kipite kwanza kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Hakukataza! Ila akaongeza kwamba mabomba ya madume nisiyapeleke kwa majike, maana harufu ya dume huwavuruga majike. Nitayawekea alama.

Shida ni kwamba nahitaji mabomba mengi. Jioni nilipita kila choo cha taasisi, nikakunjua tishu yote kwa uangalifu, nikaikunja vizuri kama nguo zilizopigwa pasi, nikachukua bomba la katikati. Hata choo cha mkurugenzi. Nafikiri ni mpangilio mzuri zaidi kuliko wa mwanzo.

Wakati wa chakula Shangazi alikuwa amevimba. Alisema kuna mwendawazimu taasisini. Haibi tishu, anaiba utupu wa katikati! Mkurugenzi amefungua mlango akakutana na kichuguu cheupe! Ameapa atamkamata kwa mkono wake. Nikamuunga mkono. Nikasema watu wa siku hizi hawana haya.

Bibi akazima taa tena.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa. Siku mbaya. Naanza na kubwa.

Asubuhi niliweka alama kwenye mabomba kwa ule wino mweupe wa kufutia makosa. Tone moja ndani ya ukingo kwa bomba la dume, bila tone kwa bomba la jike. Nikaanza kazi haraka, maana Bingwa alikuwa tayari yuko rafu ya tatu anapiga mluzi.

Nikafika kizimba cha vijana, watoto walioachishwa kunyonya juzi. Nikawamimina wote mmoja mmoja. Wengine wakajichimbia kwenye maranda, mmoja akabaki juu, nikatazama mgongo wake.

Baka! Baka jeupe, juu ya bega!

Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu. Leo nilipiga. Mama Vizimba aliangusha ndoo. Profesa alikuja mbio, kiatu kimoja kimevaa kifuko cha plastiki cha kuzuia uchafu, kingine hakina. Akamtazama kipanya. Akavua miwani. Akaivaa. Akaniambia, "Binti yangu," kisha akashindwa kuendelea. Akapiga picha. Akatuita sote ofisini, akaifungua soda, ikatoa povu mpaka kwenye upara wake. Alisema kipanya huyu atakuwa baba wa ukoo mzima. Alisema macho yangu ni ya mtafiti. Bingwa alinipongeza bila kuachanisha meno.

Nilikunywa soda. Nilifikiri maneno ya kusema kwenye hafla ya kunipongeza. Nilikiona kipaza sauti cha Mjomba kikizama baharini.

Sasa mbaya. Tuliporudi kumpima kipanya, Mama Vizimba alisema ajabu, huyu ndugu yake naye ana baka. Bega lile lile! Profesa akashika meza, akasema wawili kwa mpigo, haijawahi kutokea. Mama Vizimba akasema na huyu. Na huyu. Profesa akaachia meza. Mama Vizimba akavuta kizimba cha jirani, akamtoa panya mzee ambaye jana jioni alikuwa kahawia tupu. Baka. Begani.

Tukatazamana. Hata panya waliacha kuchakacha.

Bingwa akanishika mkono, akaugeuza taratibu. Kwenye kidole gumba changu: baka jeupe. "Profesa," akasema, "na huyu naye ni mtoto wa baba aliyepigwa mionzi?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Haikupasuka. Ni sakafu nzuri sana, imepigwa rangi ya mafuta.

Mama Vizimba aliwafuta panya mmoja mmoja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Profesa alirudi ofisini akaitazama ile soda iliyobaki. Alisema soda ikishafunguliwa hairudi chupani, akaimaliza yote. Kisha bega lake likaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa. Alisema ni jeni ya kwanza duniani kubadilishwa na wino wa karani.

Yeye alicheka. Mimi kesho nakwenda kuuza viatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda kazini nimevaa nguo ya msiba. Mabomba nilikuwa nayo, mapya, bila wino. (Vyoo vya ghorofa ya pili. Shangazi sasa analinda vya chini.)

Kabla ya kuchagua, Profesa alitaka kuwapima uzito panya wote mwenyewe. Akaanza na rafu ya Bingwa. Lo! Vurugu! Wakimwona mtu wanajichimbia kwenye maranda, wanapiga kelele, mmoja akamkojolea Profesa hadi kwenye saa. Bingwa akawa anasema huyu ni mtundu tu, na huyu ni mtundu tu.

Akaja rafu yangu. Nikaweka bomba. Panya wakajipanga wenyewe kama wanafunzi waliosikia kengele. Wanaingia, wanapimwa, wanatoka. Mmoja alijisafisha masharubu juu ya mizani! Profesa akasogea karibu. Alirudia kizimba kimoja, bomba, mizani. Tena.

Akauliza nilifikiria vipi jambo hili. Nikasema sikupenda kuwashika. Ni kweli tupu! Lakini akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesoma aya ya mtu mashuhuri. Akamwambia Mama Vizimba: mnyama aliyejaa hofu mwili wake hubadilika, na vipimo vyake havisemi ukweli. Panya mtulivu hutoa matokeo safi. Kuanzia leo mabomba kila chumba. Na yanunuliwe, akasema, akinitazama, yasitoke vyooni.

Anajua! Shangazi asijue!

Kisha akatoa habari. Amepigania nafasi ya pili, ameipata. Kwa hiyo tunabaki wote! Moja ni hapa chumbani, nyingine ni jengo la nyuma. Ila kabla ya kutugawa akatuomba tuseme bila haya kama kuna kitu tunachokiogopa. Si kosa kuogopa, alisema. Kosa ni yeye kumweka mtu mahali pasipomfaa.

Bingwa akanyoosha mkono. Bingwa! Akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa panya wale wakubwa, wenye mkia kama kamba. Hawa wadogo hana neno nao, lakini akimwona mkubwa anazimia. Profesa akamshukuru. Mama Vizimba akampigapiga mgongoni, akasema hata yeye anaogopa kinyonga. Wakacheka pamoja. Nikamwonea huruma. Kujianika hivyo mbele ya mkuu! Msichana ana akili ya vitabu, ila hajui kabisa kuficha jambo lake.

Profesa akanigeukia. Na wewe, binti?

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Chumba kizima kilikuwa kinatabasamu. Hakuna ambaye angenila.

Nikasema mimi siogopi kitu. Nikaongeza: hata mamba.

Vizuri sana, akasema Profesa. Basi Bingwa abaki hapa na panya wadogo. Mimi, kwa upole wangu na ushujaa wangu, niende jengo la nyuma. Huko ndiko wanakolelewa wale wakubwa. Nikamshukuru. Nilitabasamu meno yote nje mpaka mashavu yakauma.

Nimepata kazi! Kipaza sauti hakinipati tena! Shangazi alinikumbatia hadi skafu ikaanguka. Bibi alifurahi sana, hata hakuzima taa.

Jumapili, 9 Machi

Jana walinionyesha jengo la nyuma. Wakubwa hawa si utani. Mmoja akisimama kwa miguu ya nyuma ana heshima ya mtu wa ukoo. Nilipeleka bomba la tishu la majaribio. Kichwa kikaingia. Mengine yote yakabaki nje, yananitazama.

Lakini sikati tamaa. Mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ulikosa upana tu. Leo kanisani nimefikiri ibada nzima. Mhubiri alikuwa anasema juu ya ukweli, nadhani, sikusikiliza vizuri, nilikuwa natafuta mduara unaotosha.

Nimeupata. Lile bomba la plastiki linaloteremsha maji ya mvua nyuma ya nyumba yetu. Jipya. Shangazi alilifunga majuzi, analipenda kama mtoto. Upana wake ni wa panya mkubwa kabisa, kama vile alipimiwa na fundi cherehani. Shangazi na Bibi walipokwenda kumtembelea jirani, nikachukua msumeno. Vipande vimetoka vizuri sana. Nimevisugua kingo, nimevipanga chini ya kitanda.

Shangazi amerudi. Anazunguka nyumba, mikono kichwani. Anasema yule mwendawazimu wa taasisini amemfuata mpaka nyumbani! Bibi anasema aitwe polisi. Mimi nimetoka nje kuwasaidia kutafuta. Nimetafuta kwa bidii kuliko wote, mpaka Shangazi amenisifu.

Mawingu yanakusanyika, mazito, upande wa nyuma hasa. Wewe peke yako, shajara yangu, ndiye unayejua, tafadhali. Shangazi akikuuliza, hukuona bomba, hukusikia msumeno, na mimi hunijui.