Kurasa 612 Walizobeba Wabeleji

Leo nimeumbuka. Si kidogo. Nimeumbuka kwa kiwango cha jimbo zima! Ninawaandikia haraka ninyi wa promosheni yetu, wenzangu wa masomo ya jioni mlioko Beni, kabla hamjasikia kwa wengine. Siku hizi vizuizi vya askari vinasimamisha mafuta, mbao na watu, lakini aibu ya mtu inapita bila kuonyesha karatasi.

Kwanza niwaambie jambo nililoamini kwa moyo wote mpaka leo saa nne asubuhi. Mumbere, fundi mwenzangu wa baiskeli, ndiye aliyenipa habari hiyo, na aliapa kwa kaburi la babu yake. Alisema Wabeleji walipofunga mizigo yao kuondoka, walipita katika maktaba zote za Kongo na wembe mkononi. Kila kitabu kikubwa cha kemia wakakikata mwanzo wake, wakabeba. Katika kurasa hizo mlikuwa na siri zote: namna ya kutoa petroli katika maji ya ndizi, namna ya kugeuza misumari kuwa dhahabu. Sisi wakatuachia mikia.

Na mimi nilikuwa na ushahidi nyumbani!

Mnakumbuka askari walipolala katika shule yetu hapa Butembo, wakapikia maharagwe kwa mbao za madawati. Mama Masika, mtunza vitabu, alipoona wameanza kuwashia moto na kamusi, aliviokoa vitabu kimoja kimoja, akivificha chini ya sombe, majani ya muhogo, katika kikapu, na kuvigawa kwa familia. Mama yangu alipewa kimoja kinene kama tofali mbili. Traité de chimie, yaani kemia, Kifaransa kitupu. Jalada halikuwapo tena, na karatasi chache za mbele askari mmoja alikuwa amezivutia tumbaku. Ukurasa wa kwanza uliobaki ulikuwa na namba 613.

Sasa niambieni wenyewe. Askari mmoja anaweza kuvuta kurasa 612? (Hata awe na mapafu ya kikosi kizima?)

Basi, miaka mitatu kile kitabu kililala katika gunia la maharagwe, na mimi nikawa nakitoa mchana baada ya kutengeneza baiskeli za watu, nakisoma. Kinaanza na metali. Shaba ninaijua kuliko shangazi zangu. Risasi, zinki, chuma, niulizeni! Mtu akiniuliza kitu nisichokijua, nina jibu moja tamu: «Hiyo ilikuwa katika zile 612.» Jibu hilo halijawahi kushindwa. Mtaani walianza kuniita Dokta. (Sikuwakataza.)

Sasa mwalimu wa kemia wa ile shule alikimbia vita, yuko Kasugho analima. Wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wanangoja Examen d'État, mtihani wa taifa, bila mtu wa kuwafundisha. Na mimi nimechoka kunuka grisi. Nikaomba ile nafasi. Prefe, mkuu wa shule, akaniambia: «Kakule, bazazi njo banalipa balimu siku hizi, njo bo batachagula. Kuya samedi na kitabu yako, uonyeshe kama unajua.»

Leo ndiyo samedi yenyewe, Jumamosi ya wazazi kunichagua. Nimeazima koti la shemeji yangu, mikono yake imeishia kwenye viwiko vyangu. Nimepanga kalamu sita mfukoni. (Inayoandika ni moja.) Naingia darasani: wazazi kama mia nane! Sawa, arobaini. Lakini macho yao yalikuwa mia nane.

Nimeanza na shaba. Ndugu zangu, kama mngekuwapo! Nimeipasha moto kwa maneno, nimeiyeyusha, nimeivuta nyuzi. Ndege imepita juu kwenda kutua Rughenda na hakuna hata mtoto aliyetazama dirishani. Prefe anatikisa kichwa kwa furaha. Tayari ninajiona na chaki mkononi, na shemeji ananiomba mimi koti.

Ndipo Papa Katembo, mwenyekiti wa wazazi, muuza vitenge, ameinuka.

«Mwalimu, shaba tumesikia. Mutoto wangu anasema ku examen batamuuliza juu ya oxygène. Ile pumuzi. Tuelezeye kiloko, kidogo tu.»

«Papa, oxygène Babeleji balibeba.»

«Balibeba pumuzi?»

«Makurasa yake, papa.»

«Na soufre, ile ya kiberiti?»

«Hiyo pia.»

«Na mayi?»

«Mayi balibeba yote.»

Mama mmoja nyuma amepiga makofi: «Ee! Kumbe njo maana robinet yetu ya mayi ilikauka!»

Wamecheka, lakini kicheko kizuri bado. Hapo nimeona mlango. Nimekiinua kitabu juu na kuwaeleza habari yote, wembe, mizigo, petroli ya ndizi. Nimewaonyesha 613. Kitabu kimepita mkono kwa mkono, na wazazi wamekasirika kweli! «Bazungu bale!» Mzee mmoja amesema hata shoka la baba yake lilipotea mwaka uleule. Papa Katembo amegonga meza: «Huyu kijana njo mwalimu! Mutu anajua kitabu kwa mukia tu, kama angekuwa na kichwa yake angefika wapi?» Mikono imeanza kuinuka kunichagua. Nimehesabu ishirini na miwili.

(Simamisheni kusoma hapa, kama mnanipenda.)

Mlango umefunguka. Mama Masika, vumbi mpaka kope, kikapu kichwani.

«Amani kwenu. Prefe, ile ya Beni nimefika nayo. Barrière saba za baaskari!»

Ametoa furushi lililofungwa kwa nailoni, linanukia mawese, akaliweka mezani mbele yangu. Nimelifungua kwa heshima. Kitabu. Karatasi zilezile, herufi zilezile, uzi uleule mgongoni. Jalada limekwisha kuliwa na panya, lakini ndani nimeona ukurasa wa 1. Hydrogène. Oxygène. Soufre. Nimekimbilia mwisho.

612.

Ndugu zangu, nilichofanya hapo nitakijutia mpaka meno yaishe.

«Zimepatikana!» nimepiga kelele. «Prefe! Bazazi! Makurasa yetu imepatikana!»

Nimemkumbatia Mama Masika na vumbi lake. Nimemwita shujaa. Nimewaambia watu wote wasimame tumshukuru Mungu, na wamesimama! Papa Katembo amevua kofia. Mimi ndiye niliyeongoza sala, macho nimefumba, sauti ya askofu. Nimeshukuru kwa kila ukurasa. Nimeombea mtu aliyezirudisha, popote alipo. Na kisha, kwa niaba ya Kongo nzima, nimewasamehe Wabeleji.

«Amina,» darasa zima.

Nimefumbua macho. Mama Masika ameinama kwenye sikio la Prefe, ananong'ona. Prefe amevua miwani. Ameuma leso. Amenong'ona kwa Papa Katembo, naye amejifunika uso kwa kofia, mabega yanaruka. Kisha kicheko kimepita benchi kwa benchi kama moto katika nyasi kavu. Mama wa robinet amekaa chini sakafuni kabisa.

Na mimi? Nimecheka pamoja nao! Nimecheka kuwashinda wote! Nilidhani ni furaha ya taifa.

Ile mikono ishirini na miwili sikuiona tena. Ilikuwa inafuta machozi.

Prefe amejikaza, amevaa miwani, ameniita kando.

«Kakule, wasingya sana, aksanti. Lundi, kesho kutwa, saa moja na nusu ufike hapa.»

«Kufundisha, Prefe?»

«Kukaa. Banc ya mbele, pamoja na bafinalisti. Kemia nitafundisha miye mwenyewe. Na ulete cahier ya kuandikia.»

Nimetoka nje bila kuelewa kitu. Kukaa? Mimi, Dokta? Koti limeanza kunibana hata mahali lilipokuwa limenitosha. Mama Masika alikuwa amekaa kwenye ngazi, vitabu viwili magotini, anavifuta mawese na unga wa maharagwe kwa upindo wa kitenge. Nimechuchumaa karibu yake.

«Mama, banacheka nini?»

Ameniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Hakucheka. Ameviweka vile vitabu sambamba kwenye ngazi, kimoja kinagusa kingine.

«Kakule, mutoto yangu, hakuna mutu alikata kitu. Hii kitabu ilikuwaka mbili tangu kuzaliwa, namba ya kitabu ya pili inaendelea pale ya kwanza iliishia. Ya kwanza nilituma Beni, ya pili nilipatia mama yako, ili baaskari basipate byote fasi moja.»