Shikamoo ya Mpita Njia

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimepata! Nitatokea kwenye tamthilia ya televisheni. Nafasi: mpita njia, kituo cha treni, hapa hapa Uswidi, mtaani kwetu Hagsätra. Masharti: nitembee, nisiseme, nisimtazame mtu. Tangu Vedasto wa kwaya atokee kwenye tangazo la duka akiwa ameshika tango, husimama mbele yangu kila Jumapili. Atanikoma! Mpango: nipite polepole, uso kwenye kamera. Mke wangu Gladness anasema mpita njia kazi yake kupita. Wivu tu.

Jumatano, 8 Oktoba
Balaa. Mama wa kwenye benchi, anayemsubiri mwanawe asiyekuja, anaigizwa na Bi Milcah. Mwingereza, mzaliwa wa Leeds, wazazi wake watu wa Musoma. Miaka arobaini ya filamu na televisheni: muuguzi, jirani, mjane, hakimu wa dakika moja. Sura unaijua, jina hulijui.

Kamera ikawaka. Nikapita. Mama mtu mzima, mvi tele, machozi yanamlenga. Nikajikuta nimesema shikamoo. Naye papo hapo akaitikia marahaba. Wakasimamisha kamera. Tukarudia. Shikamoo! Marahaba! Mara tatu. Mwongozaji akasema nikifungua tena mdomo niende nyumbani. Ya nne nilipita nimeuma ulimi. Sikuwahi kumpita mtu mzima hivyo. Nilijiona sina adabu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilikwenda kumwomba radhi. (Na anisemee kwa mwongozaji, nipewe japo sentensi moja.) Alinimiminia chai ya chupa yake. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba tangu mama yake afariki miaka kumi na miwili iliyopita hakuna aliyempa shikamoo. Kiswahili chote kimemtoka, limebaki neno hilo la kuitikia. Niliona aibu na ombi langu. Nikalitoa hata hivyo. Alicheka, akasema miaka yote kazi yake ni kumwacha mwingine aonekane, na kwamba kupita vizuri nako ni kazi. Maneno mazito. Nimeyaandika niyashike.

Jumapili, 8 Machi 2026
Imerushwa! Kwaya nzima sebuleni kwangu, Vedasto kiti cha mbele. Na wametumia ile mara ya kwanza! Sauti yangu: shikamoo. Kisha uso wa Bi Milcah ukajaa televisheni nzima, uso wa mtu aliyesikia kwao wanamwita. Marahaba. Gladness alilia. Nami nililia, sifichi. Mimi mwenyewe? Kiwiko. Vedasto aliuliza kiwiko kile cha nani. Binti yetu Alma akanionya kwa Kiswidi nisithubutu kusema ni changu.

Nimetafakari sana. Bi Milcah alisema kweli: wa nyuma abaki nyuma. Wiki ijayo wameniita tena. Yule mama wa benchi anapelekwa hospitali kutambua maiti, anakuta siye mwanawe. Maiti ni mimi. Nifumbe macho, nisipumue, nisiseme. Nimekubali yote.

Ila mama mtu mzima anakuinamia usoni, unaanzaje kunyamaza? Shikamoo nitaisema, kwa sauti ndogo tu.