Sumaku Iliyookwa

Alhamisi, 4 Juni 1998, Bakersfield

Bi Lurleen, yule mjane wa mtaa wa pili, anauza gari lake! Ford ya 1932, paa limekatwa likashushwa, injini iko wazi, nyeusi tii. Nalitamani gari kama hilo tangu nina miaka kumi na sita. Anasema mpimaji bei atakuja wiki ijayo. Vizuri! Mimi nitampimia kabla. Kikwazo kimoja: shemeji yangu Duane naye kalinusa.

Ijumaa, 5 Juni

Mpango tayari. Hapa kwetu bodi ya gari hupimwa kwa sumaku. Bati halisi, inanasa. Kukiwa na puti nene, ule udongo wa kuzibia mabonde na kutu, chini ya rangi, inaanguka, na bei inaanguka nayo. Basi nimeoka sumaku yangu kwenye oveni mpaka ikaishiwa nguvu. Mke wangu Norma kauliza inatafuta nini pembeni ya kuku wake. Nimemjibu ni utaalamu. Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumamosi, 6 Juni

Nikaibandika kwenye mlango wa gari. Pa! Chini. Kwenye boneti. Pa! Nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema pole Bi Lurleen, hili ni puti tupu. Kilichoniponza ni mdomo. Nikajikuta naisifu mishono ya kuchomelea, laini hata kidole hakiioni, na ile mistari myekundu iliyochorwa kwa mkono. Alipoliwasha, ngurumo ile! Machozi yakanilenga. Akauliza, wewe Delbert, gari bovu ndilo linakuliza hivyo? Akaniambia alichomelea mwenyewe kila inchi, mwaka 1961, marehemu mumewe kazi yake kushika taa. Akaiokota sumaku, akaingia jikoni, akaibandika kwenye friji. Pa! Akauliza, na friji yangu pia ni puti? Nimerudi nyumbani kwa miguu, gari langu nimelisahau kwake. Aibu!

Jumapili, 7 Juni

Kamuuzia Duane. Duane! Hata mpimaji hakusubiriwa. Eti alipeleka pai ya pichi, akaomba aonyeshwe mshono mmoja tu, Bi Lurleen akamwonyesha yote hadi jioni. Sasa hivi Duane amepita nalo hapa nje, kanipungia mkono. Jamani, gari zuri lile! Nimevua kofia, siwezi kudanganya.

Lakini kosa langu nimeligundua. Moto ulikuwa mkali mno. Ilitakiwa sumaku inase kwenye friji, ishindwe kwenye gari. Na Duane ataliuza tu siku moja, namjua. Nimemwambia Norma atoe kuku wake, naihitaji oveni.