Hoteli ya Vitanda Mia Sita na Dubu Mmoja

Mheshimiwa Waziri, ambaye hayupo. Mwakilishi wa Mheshimiwa Waziri, ambaye ndiye mimi. Baba Padri na Baba Shehe, mlioketi benchi moja kwa moyo wa kuvumiliana na kwa sababu benchi lenyewe ni hilo moja. Bwana Lindholm, mtaalamu wetu kutoka nchi za kaskazini, pamoja na daftari lake. Wafugaji, wavunaji wa zeituni, akina mama wenye vyumba vya wageni, na wewe dereva wangu Fatbardh uliyeliacha gari linanguruma. Na wengine wote ambao nikiwataja mmoja mmoja jua litatukausha, kila mtu ajihesabu ametajwa na aketi kulingana na cheo chake. (Watu wanabaki wamesimama. Viti havikuletwa.)

Mimi, Perparim Zhupa, Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uendelezaji Endelevu wa Fukwe za Kusini, mtoto wa hapa hapa Dafina, ambaye jina langu kwa lugha yetu maana yake ni Maendeleo, nasimama mbele yenu, na mbele ya pazia hili la bluu, kwa unyenyekevu ambao wenzangu wa ofisini wanasema umepita kiasi, kuzindua Hoteli ya Dafina Mpya, yenye vitanda mia sita, iliyo mhimili wa Mpango Mkakati Shirikishi wa Kuimarisha Utalii kwa Ukuaji wa Muda Mrefu, mpango ulioanza kwa upembuzi yakinifu, ukafuatiwa na upembuzi wa ule upembuzi, na sasa, niwahakikishie, mchakato uko mbioni. (Mama Sanije, mstari wa mbele, mikono ameikunja kifuani: "Miaka minne uko mbioni, hauchoki?" Kicheko.)

Nimekusikia, Mama Sanije, na ninakuheshimu, maana mama huyu, Bwana Lindholm, ndiye aliyeninywesha maziwa ya mbuzi wake nilipougua surua. Wote tunajua anachotaka. Anataka mhuri wangu ili amalizie ghorofa ya juu ya nyumba yake, vyumba sita vya wageni, ambavyo mwanawe anavijenga kwa jasho la kubeba zege huko Italia, na nguzo zimesimama, vyuma vimechomoza juu, na msimu wa kiangazi umebakiza wiki tano kuanza. Nami nilisimamisha ujenzi ule kwa huzuni kubwa, kwa sababu ghorofa ya Mama Sanije ingewazibia wageni wa hoteli mandhari ya bahari. ("Wageni gani?" anauliza Mama Sanije. "Hoteli gani?" anauliza mwingine huko nyuma.) Maswali ni mwisho.

Tuje kwenye takwimu, maana takwimu hazina mjomba. Mwaka juzi Dafina ilipokea watalii watatu. Mwaka jana kumi na wawili, akiwemo mbwa. Hilo ni ongezeko la asilimia mia tatu, na limetokea hoteli ikiwa haijafunguliwa hata mlango mmoja, sasa jiulizeni wenyewe itakuwaje ikifunguliwa. ("Wote walilala kwangu," anasema Mama Sanije. "Hata mbwa alikula byrek yangu, andazi la jibini, na akaomba tena.") Mama ni mdau, na wadau tunawathamini.

Wala msidhani tuliamua peke yetu. Tuliwashirikisha. Miaka minne iliyopita Bwana Lindholm aliwakusanya hapa watu mia tatu na kumi na wawili, akawauliza kama mnakubali kusimamisha ujenzi wa vyumba vyenu ili kupisha hoteli, nanyi nyote, mpaka bibi mmoja aliyekuwa anasinzia, mkaitikia kwa vichwa, juu na chini, juu na chini. Akaandika: ndiyo, asilimia mia moja. (Sauti nyingi kwa pamoja: "Ilikuwa hapana!") Najua ilikuwa hapana, ndugu zangu, kwani mimi nimezaliwa wapi? Tangu enzi za babu wa babu zetu, mtu wa Dafina akikataa huitikia juu na chini, na akikubali hutikisa kulia na kushoto. Ila mgeni hakulijua hilo, na mimi siku ile nilikuwa nimebanwa na kikohozi, nikashindwa kumkatiza.

Serikali sikivu hurekebisha. Ndiyo maana Bwana Lindholm amerudi, kalamu mkononi, awaulize upya, tena kwa uwazi. Je, mnakubali ujenzi wa vyumba vyenu uendelee kuzuiwa kwa miaka yote ishirini ya Mpango? (Watu wanakonyezana. Walishapatana tangu jana dukani kwa mwoka mikate kwamba safari hii watakataa kwa mtindo wa mgeni, asipate pa kukosea. Vichwa mia tatu vinatikiswa kulia na kushoto kwa bidii, hata kofia mbili zinaanguka.)

Asanteni! Bwana Lindholm, umehesabu? Na tulipokuwa njiani nilikufundisha nini, kwamba kulia na kushoto kwa watu wetu ni nini? (Bwana Lindholm, kwa fahari ya mwanafunzi aliyefaulu: "Ni ndiyo.") Ni ndiyo! Asilimia mia moja kwa mara ya pili, na nchi yoyote itakayopata umoja wa namna hii iniandikie barua! (Zogo. Baba Padri anajishika kichwa, na Baba Shehe naye.)

Tulieni, tufike kwenye kilele. Fatbardh, vuta pazia. (Pazia linaanguka. Nyuma yake ni bahari tupu. Mbele ya bahari imesimama nguzo moja, na kwenye nguzo ananing'inia dubu wa manyoya, wa kuchezea watoto, sikio lake moja limeshonwa kwa uzi mwekundu.)

Naona mmeguswa. Nani kati yenu hujenga nyumba asitundike mwanasesere juu ya nguzo, kukinga husuda mpaka paa likamilike? Sasa nyumba ya vyumba vinne inakingwa, hoteli ya vitanda mia sita je, ambayo wilaya nzima ingeikodolea macho? Mamlaka ikaona ianze na kinga. Awamu ya kwanza, yaani dubu, imekamilika ndani ya muda. Na kinga imefanya kazi, maana niambieni, katika miaka hii minne, kuna kioo cha hoteli kilichovunjika? Kuna paa lililovuja? Kuna mgeni hata mmoja aliyelalamikia shuka?

(Mama Sanije amesogea hadi kwenye nguzo. "Perparim mwanangu, huyu dubu ni wangu.") Ni dubu wa umma, mama. ("Hili sikio nimelishona kwa mkono wangu. Mlimchukua ghorofani kwangu siku ile mlipoleta karatasi ya kunizuia.") Alitwaliwa kwa matumizi ya taifa, kwa hoja kwamba ghorofa iliyosimamishwa haihitaji kinga. ("Haya. Na inayoendelea?") Bila mhuri haiwezi kuendelea. ("Mhuri ipe hoteli," anasema Mama Sanije. Baba Padri na Baba Shehe wanainuka bila kuambiwa, wanamsogezea benchi, mmoja anashika huku na mwingine kule. Anapanda, anakata kamba, anashuka na dubu kwapani. Watu wanamfungulia njia, na mafundi wawili wanamfuata kupanda kilima kuelekea nyumbani kwake.)

Kwa hayo machache, Dafina oyee! (Fatbardh: "Oyee.") Utalii wa leo, neema ya kesho! (Fatbardh amekwenda kulizima gari.) Namshukuru mkandarasi, ambaye atateuliwa, namshukuru msanifu wa majengo, yeyote atakayekuwa, nawashukuru wafanyakazi mia mbili wa hoteli hii, popote walipo, na, Bwana Lindholm, hapo usiandike. Mama Sanije! Ngoja kwanza, mama. Wewe uliyeninywesha maziwa, nakuomba mbele ya watu, mrudishe huyo dubu. Ndiye mradi wenyewe.

(Mama Sanije anasimama, anageuka, anamtazama. Anaitikia kwa kichwa, juu na chini, mara moja. Bwana Lindholm analowesha kidole, anafungua ukurasa mpya, na safari hii anaandika sawasawa.)