Sauti ya Bibi Kalunde Ilivyonianika Msibani

Jamani, nimetoka kuaibika sasa hivi hapa Ntalikwa, mbele ya jeneza, kwaya na ukoo mzima. Sijui nianzie wapi. Naanza tu.

Leo tumemzika Bibi Kalunde, mama yake mama yangu. Mimi, kama mnavyojua, nina steshenari pale Isevya: fotokopi, kadi za harusi, lamineshini. Kwa hiyo ukoo ukanipa kazi moja. Moja tu! Kuchapa ratiba ya ibada.

Mtu mwenye akili angechapa ratiba, akakaa. Mimi nikaona haitoshi, nikasema tuendane na wakati. Mwezi uliopita nilikuja kumtembelea Bibi, nikamrekodi kwa simu akiimba ule wimbo wake wa alfajiri, aliouimba kila siku akiwasha moto. Rekodi nikaiweka mtandaoni, nikatengeneza kodi ya QR, nikaichapa nyuma ya ratiba: "Skani, umsikie Bibi."

Niliisikiliza kwanza? Niliisikiliza. Dakika ya kwanza. Machozi yakanitoka, nikaridhika. (Wimbo una dakika tatu. Rekodi ina dakika tano. Hesabu hiyo sikuifanya.)

Asubuhi nikaanza kugawa. Mzee mmoja, jirani wa Bibi, akaigeuza karatasi mara tatu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hiki kilichochorwa huku nyuma ni nini?"

"Hiyo ni kodi, babu."

"Kodi! Hata kufa tunalipia?"

Nikamweleza kwamba hapana, unaweka tu simu yako hapo juu. Akatoa kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, akakilaza juu ya karatasi, akasubiri kwa heshima zote. "Hajibu," akaniambia. Mama wa kwaya aliyekaa pembeni yake hata kuipokea alikataa. "Rambirambi mimi nimeshatoa jana," akasema.

Ibada ikaanza. Mjomba Maganga, kaka mkubwa wa mama na ndiye msimamizi wa msiba, akanipa dakika moja nieleze. Nikachukua sita. Nikaeleza teknolojia. Nikaeleza nilivyompenda Bibi. Kisha nikafika pale ambapo ulimi ulitakiwa ukatwe:

"Mwezi uliopita, ndugu zangu, nilikuwa hapa hapa namlimia Bibi shamba lake la mihogo. Tulipopumzika, akaniimbia."

Watu wakaguna kwa huruma. Mama mkubwa akasema kwa sauti, "Mjukuu ndiyo huyo!" Nikainamisha kichwa. (Unyenyekevu wa kuazima.)

"Sasa tuskani wote kwa pamoja," nikaamuru, kama mkuu wa mkoa anazindua daraja.

Simu zikainuliwa chini ya turubai. Mchungaji naye akaskani. Mtandao wa Ntalikwa mnaujua. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Dakika mbili nzima! Mchungaji akarudisha simu kwenye koti, akasema, "Tuendelee na neno. Mtandao wa mbinguni hausumbui." Nikakaa. Laiti mambo yangeishia hapo.

Ndiyo kwanza anafungua Biblia, simu ya kwanza ikaamka, safu ya nyuma. Bibi akaanza kuimba. Ikafuata ya pili, upande wa jikoni. Ya tatu. Kila simu na wakati wake, Bibi akawa anaimba pembe zote za uwanja, kila pembe na ubeti wake. Watu wakalia. Mimi nikakunja mikono, natazama mbali, kama mtu asiyetaka sifa.

Wimbo ukaisha kwenye simu ya kwanza. Kikasikika kikohozi. Halafu sauti ya Bibi, safi kabisa:

"Haya mume wangu, umemaliza na hiyo redio yako?"

(Ndivyo alivyoniita, utani wa bibi na mjukuu.) Watu wakatabasamu. Mimi nikakunjua mikono. Nilishakumbuka kinachofuata.

"Umefika saa nne. Umemaliza bakuli zima la michembe yangu ya viazi. Umelala mkekani mpaka kivuli kimekukimbia. Jembe hata hujui naliweka wapi! Usije ukaenda kusema kwa watu kwamba ulinilimia."

Kisha ile simu ya jikoni: "Jembe hata hujui naliweka wapi!" Kisha ya safu ya tatu. Kisha ya mama mkubwa, aliyekuwa amenisifu! Mara kumi na moja, jamani. Nilihesabu, sikuwa na kazi nyingine.

Mjomba Maganga alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho. "Nilijua! Huyu tangu lini ameshika jembe?" Bibi, aliyekuwa ametua kidogo kwenye simu ya kwanza, akampokea:

"Lakini afadhali wewe. Huyo Maganga ananijengea choo, mwaka wa tatu huu, kwa mdomo."

"Zimeni simu!" Mjomba akafoka. "Zimeni zote! Huu ni msiba!" (Sekunde chache kabla ulikuwa ukumbi wa vichekesho.)

Zikazimwa. Mchungaji akajikohoza, akaanza upya: "Ndugu zangu katika Bwana..." Koti lake likaanza kuimba.

"Mchungaji, tafadhali zima," Mjomba akaomba.

"Hapana," akasema mchungaji kwa upole, akaitoa simu na kuisogeza kwenye kipaza sauti. "Mtu akisema maneno yake ya mwisho hakatizwi. Mwacheni mama amalize."

Kipaza sauti! Spika mbili! Wimbo, kikohozi, michembe, jembe, choo, vyote upya. Nadhani hata ng'ombe wa jirani sasa wanajua sikulima. Halafu ikaja sehemu ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia:

"Na mchungaji wetu, mtu mwema sana yule. Ila mahubiri yake ni marefu kuliko reli ya Kigoma. Siku yangu ikifika mwambieni afupishe, watu wana njaa."

Akacheka. Kile kicheko chake kirefu, cha kuishia na kikohozi. Rekodi ikakata.

Nikasikia mtu anaangua kicheko mbele kabisa. Mama yangu! Mama ambaye tangu msiba uanze hakuwa amesema zaidi ya "asante" na "karibuni". Khanga mdomoni, mabega yanatetemeka, machozi yanamwagika. Uwanja mzima ukamfuata.

Mchungaji akaitazama simu. Akatazama karatasi zake. "Nilikuwa na hoja nne," akasema. "Tumebaki na moja: alikuwa mkweli." Akafunga Biblia. Tumezika mapema mpaka wapishi wamekutwa wali haujaiva.

Sasa hivi nimejificha nyuma ya jiko. Mjomba hanisemeshi. Ratiba zimekwisha, watu wanaulizia nyingine, na wala si kwa ajili ya wimbo. Punde tu mama amenifuata hapa. Nikajua nasemwa.

"Hapo anapocheka," akasema, "niwekee kwenye simu yangu. Hapo tu."

Nimemwekea. Amekisikiliza mara mbili, akanipiga kibao cha mgongo, "Mwongo wewe!", akarudi kwa wageni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hujamweka mtu mtandaoni, msikilize mpaka mwisho. Marehemu haogopi mtu.