Mbuzi wa Ndinda na Ofisi ya Kusimamia Utetezi

Kuanzia tarehe mosi Februari mwaka wa 1986, ilitangazwa Kitui yote, kutoka Mwingi hadi Zombe, makanisani, sokoni na kwenye baraza za machifu, kwamba hakuna maskini atakayesimama tena mbele ya hakimu bila utetezi wake kusimamiwa kikamilifu na serikali. Watu walipiga makofi. Bwana Jeremiah Musembi alilisoma tangazo hilo katika sehemu kumi na tisa, na kila mara alipomaliza kusoma alipiga makofi pia, kwani Msimamizi aliyeteuliwa alikuwa yeye.

Ofisi ilifunguliwa Kitui mjini, nyuma ya stoo ya mahindi. Ilikuwa na kabati mbili za chuma, mihuri minne, karani mmoja aitwaye Kasyoka, na taipu iliyokuwa na herufi zote isipokuwa W. Kila barua ikishapigwa, Kasyoka aliipitia na kalamu akiziandika hizo W kwa mkono. Siku moja alisahau, na barua ikafika Nairobi ikisema kwamba ofisi ya Kitui haina akili hata moja na inaomba itumiwe angalau mbili. Nairobi ilijibu kwa upole kwamba akili hazipo kwenye mpango wa mwaka huo.

Wakili, basi, hakuwepo. Mtu asidhani huo ulikuwa upungufu. Ndio uliokuwa utaratibu wenyewe. Bwana Musembi aliwaeleza hivyo wote waliouliza. "Ukileta wakili kabla usimamizi haujakomaa," alisema, "atafanya kazi bila kusimamiwa. Huyo ni hatari kuliko lori bila breki."

Kila mwisho wa mwezi aliandika ripoti. Malalamiko dhidi ya mawakili wa maskini: hakuna. Mawakili waliochelewa kortini: hakuna. Kesi zilizoharibika kwa uzembe wa wakili: hakuna. Nairobi ikamwandikia kwamba hakuna wilaya nyingine iliyofikia kiwango hicho. Barua hiyo aliitia fremu akaitundika mahali ambapo mtu akikaa kwenye benchi la wageni lazima aione.

Jumatano moja, ofisi ikiwa na miaka miwili, benchi hilo lilikaliwa na Ndinda, mjane wa Zombe mwenye watoto watano, aliyefika mjini juu ya lori la mchanga. Alikuwa amejifunga leso ya kanisani na miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi.

"Shida yako nini, mama?" Bwana Musembi akamwuliza.

"Ni chifu wetu, Muthama. Ameniweka kwa kesi ati nimeiba mbuzi yake."

"Uliiba?"

"Mzee, ni mbuzi yangu! Askari kanga wa chifu walikuja kuichukua, ati chifu ana wageni wa serikali na wageni lazima wale. Nikakataa, wakaibeba kwa nguvu. Jioni nikaenda kwa boma ya chifu, nikaifungua, nikarudi nayo nyumbani mchana kweupe, watu wakiniona. Kesho yake nikashikwa. Nimetolewa kwa dhamana ya pasta wetu. Mbuzi haikupata dhamana, iko polisi."

Bwana Musembi alitikisa kichwa kwa huruma ya kiofisi. Wizi wa mifugo haukuwa mchezo. Mwaka uliopita mzee mmoja wa upande huo alikuwa amefungwa miaka saba kwa ndama. Akavuta fomu, akaijaribu kalamu pembeni mwa gazeti.

"Una mali gani?"

"Shamba kidogo ya mbaazi. Na hiyo mbuzi."

Kalamu ikawekwa chini.

"Mama, hapo tumekwama. Kama mbuzi ni yako, wewe una uwezo. Uza mbuzi, utafute wakili. Ofisi hii ni ya wasiojiweza."

"Nitaiuza aje na imefungwa polisi?"

"Imefungwa kwa nini?"

"Kwa sababu wanasema si yangu."

"Sasa unaona!" Uso wa Bwana Musembi ukang'aa. "Kama si yako, basi huna kitu, na fomu yako itapita leo hii hii. Weka kidole hapa tu, useme mbuzi si yako."

Ndinda aliitazama ile karatasi, kisha akamtazama yeye. "Nikisema si yangu, si nitakuwa nimekubali niliiba?"

"Hayo ni mambo ya korti. Mimi siingilii kesi ya mtu. Mimi nashughulikia utetezi."

Ndinda hakuweka kidole. Bwana Musembi hakumlaumu. Alijua watu wa mashambani huchukua muda kuzoea huduma. Akampangia Jumatano nyingine, na nyingine. Kwa miezi minne mama huyo alikuja Kitui mara kumi na moja. Mara picha zake za pasipoti zilikuwa mbili na zilihitajika tatu. Mara mhuri wa kuthibitisha picha ulikuwa umekauka wino. Mara ilihitajika barua ya chifu kuthibitisha kwamba yeye ni maskini, na Chifu Muthama akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mtu mwenye ujasiri wa kuingia boma la chifu hawezi kuitwa asiyejiweza.

Katika safari ya kumi na moja, Bwana Musembi alimpokea kwa tabasamu.

"Mama, furahi. Nimekuandikia korti barua. Inasema wewe uko chini ya usimamizi kamili wa utetezi."

"Wakili amepatikana?"

"Sasa uko ndani ya mfumo," alisema, akamfungulia mlango.

Kasyoka aliyekuwa akijaza W zake alitoka naye hadi kwenye kivuli cha stoo, kama mtu anayemwelekeza choo. "Mwaitu, mama," akamwambia, "usingoje mtu. Siku ya kesi hakimu atakuuliza kama una swali kwa chifu. Usilie, usihubiri. Muulize kitu kuhusu mbuzi ambacho mwenye mbuzi hawezi kukosa kujua."

Kesi ilikuja Ijumaa ya mwisho ya Juni. Kulikuwa na mambo mawili mapya. La kwanza, hakimu alikuwa mgeni. Mheshimiwa Mbuvi, mtu mwembamba aliyesoma kila karatasi ndani ya faili, tabia ambayo karani wa korti aliiona kuwa ya ushamba. La pili, Bwana Jonah Kilonzo, Naibu Katibu kutoka Nairobi, alikuwa amekuja kujionea ofisi iliyo bora nchini. Bwana Musembi, aliyevaa suti ya kahawia, alimkalisha mstari wa mbele, akakaa karibu naye amfafanulie mambo.

"Ndinda Mutie," akaita hakimu. "Hapa kuna barua kwamba utetezi wako umesimamiwa kikamilifu. Wakili wako yuko wapi?"

"Mimi pia nimekuwa nikiuliza, Mheshimiwa."

Bwana Musembi alisimama. "Mheshimiwa, mimi ndiye Msimamizi."

"Wewe ni wakili?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niko juu kidogo ya wakili."

Hakimu alimwonyesha kizimba. "Sawa. Simama karibu naye basi, usimamie."

Bwana Musembi akaenda kusimama kando ya kizimba, akamgeukia Naibu Katibu na kuinamisha kichwa kidogo, kama anayesema, umeona?

Chifu Muthama alipanda kutoa ushahidi akiwa na sare zake zote na kofia yake kwapani. Alieleza kwamba mbuzi ni wake, mweusi, amemlea tangu mdogo, na kwamba moyo wake uliumia kama wa mzazi.

"Mshtakiwa, una swali?"

Ndinda alimtupia jicho Bwana Musembi. Bwana Musembi akamwambia kwa sauti ya kazi, "Endelea." Huo ndio uliokuwa mchango wa ofisi.

"Chifu," Ndinda akasema, "hiyo mbuzi yako unaijua vizuri?"

"Kama mtoto wangu."

"Imezaa mara ngapi?"

Chifu hakusita, mtu anayesita hawi chifu. "Mara mbili. Mara ya pili, mapacha."

"Na maziwa iko nayo?"

"Mengi! Bibi yangu huikamua kila asubuhi. Chai ya kwangu watu wa Zombe wote wanaijua."

"Mheshimiwa, sina swali ingine. Naomba tu mbuzi iletwe."

Mbuzi alikuwa amefungwa nje, chini ya mlingoti wa bendera. Askari alimwingiza akimvuta pembe. Kwanza ilifika harufu, kisha ndevu, kisha yakafuata mengine yote, yakining'inia wazi kwa kila mtu mwenye macho. Alikuwa beberu, na tena beberu mkubwa. Alisimama katikati ya korti akamtazama Chifu Muthama bila dalili yoyote ya kumfahamu.

Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza polepole, "Sasa huyu wanamkamua wapi?" na hapo korti ikapasuka. Hata kiongozi wa mashtaka alijificha nyuma ya faili, mabega yakitikisika.

Ndinda aliachiliwa huru, akarudishiwa mbuzi wake. Chifu aliambiwa asiondoke, kwa kuwa polisi walikuwa na maswali kuhusu kiapo chake. Bwana Musembi alitoa daftari mfukoni akaandika: Utetezi, bora kabisa. Naibu Katibu alimshika mkono. "Kazi safi, Musembi. Nitakutaja huko juu."

"Bwana Musembi," hakimu akasema, "usikae."

Alikuwa ameshika rundo la barua. Alizihesabu moja moja mezani, zikawa kumi na moja nyingine, zote zenye mihuri minne.

"Hawa ni watu walio rumande. Wa karibuni ana miezi mitano, wa zamani ana mwaka na nusu. Kila kesi ikitajwa, hakimu anakuta barua yako, anaamini wakili yuko njiani, anaahirisha. Wakili huyo anaitwa nani?"

"Mheshimiwa, kwa upande wa usimamizi..."

"Nataka jina."

Bwana Musembi alimgeukia Naibu Katibu. Bwana Kilonzo alikuwa amepata kitu cha kupendeza dirishani, akasema bila kugeuka kwamba yeye alikuwa anapita tu kuelekea Mwingi, kisha akatoka ili apite.

"Unaonekana kuidanganya mahakama," hakimu akasema. "Nitakupa nafasi. Kuna mtu yeyote hapa anayeweza kueleza umefanya nini katika ofisi hiyo?"

Bwana Musembi aliangaza macho kote. Pale mlangoni alikuwapo Ndinda, kamba ya mbuzi mkononi. Matumaini yakamrudia. Si ndiye aliyeshinda sasa hivi chini ya usimamizi wake?

"Yule mama, Mheshimiwa! Ananijua vizuri."

Ndinda alimpa pasta wake kamba, akarudi mbele, akashika Biblia.

"Unamjua huyu mzee?"

"Namjua. Nimeenda kwa ofisi yake mara kumi na moja."

"Ana kosa lolote?"

Ndinda alifikiri. Alikuwa mtu wa kanisa na alikuwa ametoka tu kuapa. "Mheshimiwa, nitasema ukweli. Huyu mzee hajanitukana. Hajaniitisha kitu. Hajafanya kitu."

Bwana Musembi akaitikia kwa kichwa.

"Unamaanisha hana hatia?"

"Mtu atakosea aje na hajafanya kitu? Miezi minne nimemwangalia kwa macho yangu mawili. Jumatano hakufanya kitu. Jumatano ingine, hakufanya kitu. Akija mtu hapa aseme alimwona huyu mzee akifanya kitu, Mheshimiwa, huyo ni mwongo, mfunge."

Bwana Musembi alikuwa akiitikia kila sentensi, na shukrani zilikuwa zimemjaa hadi machoni. Ni pale alipoona karani wa korti ameweka kalamu chini na kuufunika uso kwa viganja ndipo kichwa chake kilipoanza kupunguza mwendo, kikasimama.

"Mahakama imeridhika na ushahidi huo," alisema Mheshimiwa Mbuvi. "Bwana Musembi atakaa rumande hadi Jumatatu, aje na jina la wakili. Wale kumi na moja waletwe siku hiyo hiyo, nitawasikiliza mmoja mmoja. Mama, nenda nyumbani na asante."

Saa kumi na moja jioni Bwana Musembi alifungiwa katika chumba kilichojengwa kwa watu wanne. Wale kumi na moja walikuwamo wote, magoti kwa magoti. Walitazama suti ya kahawia. Aliyekuwa mkubwa wao, mzee Nzuki wa Kathonzweni, aliyeshikwa Kitui na punda ambaye hadi leo hakuna aliyejitokeza kumdai, ndiye aliyemsalimia.

"Karibu. Wewe ni nani?"

Bwana Musembi alivuta pumzi. Jina la kazi lilikuwa ndicho kitu pekee ambacho askari hawakumvua mlangoni.

"Mimi ni Msimamizi wa Utetezi wenu."

Mmoja alikohoa. Wawili walijaribu kusogea wakashindwa, kwa kuwa ukuta ulikuwa umefika zamani. Mzee Nzuki alitazama sakafu upande huu, akaitazama upande ule, akahakikisha.

"Ni vizuri umekuja," akasema. "Kwa maana pa kukaa hakuna. Simamia hapo mlangoni."

Na hapo, kuanzia Ijumaa hiyo mpaka Jumatatu, Bwana Musembi akasimamia.