Bawabu Aliyekaa Mbele ya Diski

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Nimepata wazo ambalo wenye akili wengine hulipata mara moja maishani. Mimi hili ni la tatu mwaka huu.

Chanzo ni Mkurugenzi. Leo amesimama katikati ya ofisi na kutangaza kwamba wiki ijayo atateua mkuu wa chumba cha mashine. Chumba hicho kina watu wawili tu: mimi na shemeji, kaka yake mke wangu. Kwa hiyo mshindani ni mmoja, na kazi ya mshindani huyo ni kutengeneza nakala za akiba. Kila siku wenzake wakienda kula, yeye anachomeka diski yake ya pembeni, ananakili, anachomoa, anaipangusa kwa kitambaa. Basi. Hiyo nayo ni kazi!

Ofisi yetu inachora ramani za majengo, na wachoraji wamechoka. Wakibonyeza kuhifadhi, mashine inazubaa. Bi Rula, mchoraji mkuu, ambaye jina lake la kweli tumelisahau wote, anasema huhifadhi mchoro, huenda msalani, hurudi, na bado mashine inahifadhi.

Sasa sikiliza, ewe shajara. Mtu akihifadhi mchoro, ombi lake hushuka mpaka kwenye kiini cha mfumo, ndani kabisa, kule ambako shemeji hajawahi kukanyaga. Kiini hulikata ombi vipande vipande viitwavyo bloku na kuvipeleka kwenye diski. Diski yetu ni kikongwe. Huandika kwa kusuasua, na ikimaliza ndipo hujibu: tayari. Mchoraji anasubiri hiyo "tayari" tu. Je, mtu akikaa katikati? Akayakamata maombi njiani, akayaweka kwenye kumbukumbu ya mashine, na kujibu yeye mwenyewe papo hapo: tayari! Diski itaandikiwa baadaye, kwa nafasi yake.

Mtu huyo nitamtengeneza mimi. Nimeshampa jina: Bawabu.

Mimi na shemeji hatusemezani tangu ule ugomvi wa feni ya chumbani mwetu. Meza zetu zinatazamana, lakini ujumbe hupitia kwa mke wangu. Nimemwomba amwambie kaka yake aanze kuzoea kuniita bosi. Alikuwa anapiga pasi. Akasema sawa, atamfikishia.

Jumanne, 5 Machi

Bawabu yuko kitini! Nimemaliza kumwandika asubuhi na nikamweka kwenye seva kubwa bila kumwambia mtu. Msanii haombi ruhusa ya kipaji chake.

Bi Rula ndiye wa kwanza. Jana alichora kiwanja na geti la bweni la wasichana, leo ameanza vyumba. Akabonyeza kuhifadhi, akasimama aende msalani, akaona imeshamaliza. Akakaa. Akabonyeza tena. Tayari! Akapiga kelele kwamba mashine imeharibika. Nikafika pale polepole, mikono mifukoni, nikamweleza kwamba haijaharibika, imeelimika.

Ile sehemu ya kuyatoa maombi kwenye kumbukumbu na kuyapeleka kwenye diski sijaiandika bado. Ni kazi ya kitoto, itangoja. Kumbukumbu hufutika umeme ukikatika, lakini tuna betri, tena kubwa, niliziagiza mwenyewe. Kwanza heshima, mengine yatafuata.

Na kwa kuwa mimi si mchoyo, nimemweka Bawabu hata mbele ya diski ya akiba ya shemeji. Mchana akachomeka, akafungua chakula chake, na kabla hajanawa mikono nakala imekwisha. Akaikagua. Majina yote yapo. Akaichomoa, akaitikisa karibu na sikio. Nilijikaza nisicheke.

Jumatano, 6 Machi

Chema chajiuza. Hata hivyo nimepita kila meza kuwaambia.

Mkurugenzi ameniita fundi, mbele ya wahasibu. Wachoraji wawili wameniletea chai. Kijana wa mapokezi ameniuliza kama ninaweza kuharakisha na lifti, nikamwambia nitaifikiria.

Shemeji hajapongeza. Alisema kwa sauti, akiwa ameligeukia dirisha, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Dirisha halikujibu. Mimi pia sikujibu. Nina mjumbe wangu. Nyumbani nilimwomba mke wangu amwambie kaka yake kwamba yeye na diski yake wote ni mizigo, tofauti ni kwamba diski ina kazi. Mke wangu alikwenda chumbani na simu, akarudi, akasema tayari, nimemwambia. Nikauliza amejibu nini. Eti amenisalimia.

Amenisalimia! Mtu anatukanwa, anasalimia. Nimemmaliza kabisa.

Mama mkwe naye amepiga simu. Mke wangu ameshamwambia kuhusu ukuu. Amesema atashukuru Mungu yeyote kati yetu akiupata. Nimeona haya kwa niaba yake, maana ilikuwa wazi anataka kuniambia mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Kesho mteja anakuja kuona ramani za bweni, na Mkurugenzi ameniomba nimwonyeshe na ufundi wetu. Ametumia neno "wetu". Nimemsamehe.

Bi Rula amebakiza vipimo vichache. Alinionyesha ngazi alizochora, zinapinda pembeni mwa ua ili wasichana wapate mahali pa kukaa na kusuka nywele bila kuzuia njia. Amesema amechora majengo maisha yake yote, na hizi ndizo ngazi za kwanza anazozionea fahari. Nilimwambia bila Bawabu asingefika nusu. Alikubali. Ni mwanamke mwenye haki.

Nilikaa niandike ile sehemu ya kupeleka kwenye diski. Kisha nikakumbuka sijaandika hotuba. Mtu huchagua lililo kubwa.

Mke wangu amenipigia pasi shati jeupe. Nilimsomea hotuba yote, na sehemu ya kati mara mbili. Akaniambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamjibu mimi si mgema, mimi ni mhandisi. Nikampa na ujumbe wa leo kwa kaka yake: kesho asimame karibu na mlango asizibe watu. Akasema atamfikishia.

Ijumaa, 8 Machi

Leo naandika kitandani. Ni uchovu.

Hotuba ilikwenda vizuri. Lazima hilo liandikwe. Mteja alitikisa kichwa mahali pote pa kutikisa. Wachoraji wote walikuwepo, Bi Rula amevaa hereni. Nilimwonyesha mteja kuhifadhi: tayari! Tena: tayari! Akasema ni haraka kweli. Lakini niliona hajashtuka inavyotakiwa. Mtu hajui utamu wa shibe kama hajalala njaa. Basi nikasema, mzee, ngoja nikuonyeshe tulikotoka. Nikamtoa Bawabu kwenye kiini. Amri moja tu. Akatoka kwa adabu, bila kelele.

Akatoka na kumbukumbu yake yote.

Bi Rula akafungua ramani ya bweni. Kwenye skrini pakatokea kiwanja kitupu chenye geti. Ndivyo kilivyokuwa Jumatatu. Hakuna vyumba. Hakuna ua. Hakuna ngazi. Wachoraji wengine wakafungua kazi zao.

Hapo shemeji akaja kutoka mlangoni na diski yake ya akiba, anatembea kama bwana harusi. Akaichomeka. Nayo iliishia Jumatatu. Hata zile za Jumanne, Jumatano, jana, zote alizokagua kwa macho yake, hakuna. Akanigeukia. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu feni yalikuwa haya: shemeji, umefanya nini?

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, na michoro ubaoni. Nilipofika kwenye ile sehemu ambayo sijaiandika, Mkurugenzi aliniomba nikae.

Bi Rula hakugomba. Alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akalia kimyakimya, hereni zikitikisika. Naandika kwa sababu ni kweli: niliumia. Nilitaka kumwambia pole, nikaishia kumpangusia miwani.

Mteja ametupa mpaka Jumanne. Wote tunakuja kazini kesho na keshokutwa.

Nimefikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeweza kulalamika kuhusu kasi.

Jumamosi, 9 Machi

Wachoraji wanachora upya. Mimi nimekatazwa kugusa kibodi yoyote. Nachemsha chai, nachonga penseli, nashika ncha ya karatasi mtu akiniambia shika. Nashika vizuri kuliko wengi.

Nilimwambia Bi Rula pole. Ilitoka. Akasema ameisikia, na nisogee, nimemzibia mwanga. Baadaye aliniita mwenyewe kunionyesha: amezichora ngazi kutoka kichwani, na safari hii ameziongezea baraza. Anasema sasa ni nzuri zaidi. Sikutaka kudai sifa. Nimewaeleza watu wawili tu kwamba kama si mimi, baraza lisingekuwepo.

Jambo la ajabu. Katibu amenong'ona kwamba jana Mkurugenzi alikuwa ameshaamua kunifukuza, na aliyeingia ofisini kwake kunitetea ni shemeji! Eti alisema chumba ni cha watu wawili na kosa ni la watu wawili, na kwamba yeye angepaswa kuikagua diski baada ya kuichomeka upya. Eti aliongeza kwamba mimi ni mtu muungwana.

Muungwana! Baada ya zile jumbe zote! Huyu ana njama, nitaijua.

Jumapili, 10 Machi

Nimeijua, na si ya shemeji.

Tumetoka kazini mapema. Nilimuuliza mke wangu, hivi kaka yako nilipomwita mzigo, alisema nini hasa? Mke wangu akaendelea kupiga pasi. Nikauliza tena. Akasema hakusema kitu, kwa sababu hakuambiwa kitu.

Kumbe! Wiki nzima! Kila ujumbe niliompa, aliuacha papo hapo sebuleni, akaingia chumbani na simu, akampa kaka yake salamu zangu na kumuuliza hali ya mgongo wake. Jumatano amemwomba na radhi kuhusu feni, kwa jina langu! Shemeji akafurahi, akanisalimia, na Ijumaa akaenda kunitetea. Ndiyo maana sijafukuzwa.

Nilitoa povu. Nilisimama. Nilimuuliza ni ustaarabu gani huu? Mtu unampa ujumbe aupeleke, anajibu "tayari", kumbe haukufika popote! Anakaa katikati, anakamata maneno ya watu, anajibu anavyotaka yeye! Siku mambo yakifumuka itakuwaje? Mtu wa namna hiyo utamwaminije?

Mke wangu akaisimamisha pasi. Akaniuliza kama nimejisikia nilichosema. Nikamwambia nimejisikia vizuri sana, na narudia neno kwa neno. Nikarudia. Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, akaniomba nirudie mara ya tatu ili amrekodie mama yake.

Wanawake wa ukoo ule hawapendi kukosolewa.

Jumanne, 12 Machi

Ramani zimekabidhiwa. Mteja alizitazama ngazi kuliko kitu kingine, akampa Bi Rula mkono kwa mikono miwili. Nilipiga makofi kuliko wote. Niliona machozi yananilengalenga, na sioni aibu kuliandika.

Kisha uteuzi. Mkuu wa chumba cha mashine: shemeji. Alinikumbatia mbele ya watu na kunishukuru kwa salamu zangu. Ningefanya nini? Nikamuuliza hali ya mgongo.

Mimi nimehamishiwa chumba cha kuchapia ramani. Mwenye akili ndogo angeona ameshushwa. Mimi nimeelewa. Mashine zile ni nzito, ni ghali, na zinakohoa. Mkurugenzi asingemwachia mtu wa kawaida.

Na nimekuta hali mbaya! Wachoraji wanabonyeza kuchapa, halafu wanasimama mlangoni wakisubiri. Bi Rula amesimama hapo mchana huu mpaka akaegemea ukuta. Imenichoma moyo. Mama wa watu, na baada ya yote yaliyompata!

Nimechunguza. Ombi la kuchapa nalo huteremka njia ileile, hupita mahali, na mahali pale ni wazi, hapana mtu. Bawabu ana mdogo wake sasa. Nimemwandika leo kabla ya chakula cha mchana. Kuanzia kesho Bi Rula akibonyeza kuchapa, atajibiwa papo hapo: tayari!

Karatasi yenyewe itafuata.